Mzee Anayesahau Mpe Shughuli, Usimfungie Chumbani

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii.

Vipindi vingi tumezungumza juu ya watoto: chanjo, lishe na malaria. Leo nataka tumgeukie yule aliyetulea sisi. Tutazungumza juu ya mzee wa nyumbani ambaye kumbukumbu zake zimeanza kupotea, na juu ya wewe mama, binti au mkaza mwana ambaye umeachiwa kumtunza. Swali letu la leo ni hili: mzee huyu afanye nini kutwa nzima? Je, akae tu ndani? Au kuna shughuli za nyumbani ambazo mnaweza kuzifanya pamoja, zikamtuliza yeye na zikakupunguzia wewe mzigo?

Sogea karibu na redio, na kama una jirani anayemtunza mzee, mwite asikilize pia.

Kisa cha nyumba moja

Siku moja mhudumu wa afya ya jamii alinipeleka kwenye boma moja, mbali na barabara ya lami. Tulimkuta mama wa nyumba ameketi mlangoni, uteo wa mahindi uko mapajani. Nyuma yake kulikuwa na chumba ambacho mlango wake umefungwa kwa kamba. Ndani alikuwamo mama mkwe wake, mkongwe wa zaidi ya miaka 70. Alikuwa akigonga ule mlango taratibu, bila kuchoka.

Yule mama aliona haya. Akaniambia, "Sista, si kwamba simpendi. Wiki iliyopita alitoka usiku, akakutwa alfajiri uwanjani kwa watu. Wale watu walisema maneno mabaya sana. Naogopa siku moja watamuua."

Tukamfungua nyanya, tukamtoa nje kwenye kivuli cha mwembe. Na hapo mimi mwenyewe nikakosea. Nikaanza kumuuliza maswali kama mwalimu: "Nyanya, leo ni siku gani? Huyu ni nani? Una wajukuu wangapi?" Hakujibu hata moja. Alitazama chini, machozi yakamtoka. Sikuwa nimemsaidia. Nilikuwa nimemwonyesha mbele ya watu kwamba hajui.

Yule mhudumu wa afya ya jamii, ambaye hakusomea uuguzi kama mimi, ndiye aliyefanya la maana. Aliuchukua ule uteo wa mahindi akauweka mapajani mwa nyanya, akanyamaza. Nyanya aliushika. Akautikisa mara moja, mara mbili. Kisha mikono ikakumbuka. Akaanza kupepeta kama msichana, makapi yakapaa, punje zikabaki. Baada ya muda akainua uso akasema, "Mahindi haya yana mawe." Mkaza mwana wake akaniambia kwamba yale yalikuwa maneno ya kwanza yenye maana kuyasikia kwa siku nyingi.

Tutarudi kwa nyanya huyu mwisho wa kipindi. Kwanza tuelewe ni nini kinachompata.

Kusahau huku kunatoka wapi?

Mpenzi msikilizaji, kila mtu husahau. Ukisahau ulipoweka ufunguo kisha ukakumbuka baadaye, huo si ugonjwa. Lakini mzee akisahau kwamba amekula nusu saa iliyopita, akipotea kwenye njia aliyoipita maisha yake yote, akiuliza swali lile lile mara kumi, au akimwita bintiye kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, basi huenda ana ugonjwa wa ubongo. Kitaalamu huitwa dimensia. Sisi hapa tutauita ugonjwa wa kusahau.

Katika ugonjwa huu, chembe za ubongo huharibika na kufa kidogo kidogo. Aina inayojulikana zaidi huitwa Alzheimer, kwa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1906 baada ya kuuchunguza ubongo wa mwanamke mmoja aliyekuwa mgonjwa wake. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, hasa kwa wale wenye presha au waliopata kiharusi.

Si ugonjwa wa pwani peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na wengi wao wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Unampata tajiri na maskini, Mwislamu na Mkristo, aliyesoma na asiyesoma.

Kwa hiyo sikilizeni vizuri: mzee huyu hakurogwa, wala yeye si mchawi. Anapotembea usiku, ni kwa sababu ubongo wake umechanganya usiku na mchana. Anapozungumza peke yake, huenda anaona au anakumbuka mambo ya miaka 50 iliyopita kana kwamba yako mbele yake. Anapoingia uwanjani kwa jirani, huenda anatafuta nyumba aliyozaliwa.

Naisema habari hii kwa uchungu, kwa sababu katika kaunti yetu ya Kilifi tumewazika wazee waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Wengine wamelazimika kukimbia makwao. Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa ikiwahifadhi wazee waliofukuzwa na watu wao wenyewe. Ni aibu kwetu, na ni jambo tunaloweza kulibadilisha tukianzia nyumbani.

Kwa nini shughuli ni dawa

Kwa sasa hakuna dawa ya kuuponya ugonjwa wa kusahau. Ziko dawa za hospitali ambazo huwasaidia baadhi ya wagonjwa kwa muda, lakini haziondoi ugonjwa wenyewe. Je, tukae tu? La.

Ubongo huhifadhi mambo mahali tofauti. Habari za leo asubuhi huhifadhiwa mahali pamoja, na hapo ndipo mara nyingi ugonjwa huanzia. Lakini kazi ambayo mikono imeifanya mara elfu, kama kusuka, kupepeta, kukuna nazi au kushona nyavu, imehifadhiwa mahali pengine, na hapo huchelewa kuharibika. Ndivyo ilivyo pia kwa nyimbo za ujana na maneno ya ibada. Ndiyo maana mzee anaweza kusahau jina lako na bado akaimba wimbo mzima bila kukosea.

Wataalamu wamelijaribu jambo hili karibu na sisi. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro nchini Tanzania, wazee wenye ugonjwa wa kusahau walikusanywa katika vikundi vidogo, wakafanya mazungumzo, michezo na shughuli katika vikao 14. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba fikra zao ziliimarika kiasi na wasiwasi ukapungua. Hawakuhitaji mashine. Walihitaji watu wa kukaa nao na vitu wanavyovijua.

Mzee asiye na la kufanya hutafuta la kufanya. Atavua nguo, atagonga mlango, atatoka kwenda asikokujua. Mzee aliyeshughulika mchana hutulia, na mara nyingi hulala vizuri zaidi usiku.

(Muziki mfupi)

Kanuni sita kabla hujaanza

Moja, chagua kazi aliyoizoea. Usimfundishe jambo jipya. Jiulize: alipokuwa na nguvu, alikuwa akifanya nini? Alikuwa mvuvi, mkulima, mgema, mshonaji, mama wa mahamri? Anzia hapo.

Mbili, mpe hatua moja kwa wakati mmoja. Usiseme, "Nyanya, osha vyombo, upange kabatini, kisha uje." Mpe kikombe kimoja. Kikiisha, mpe kingine.

Tatu, onyesha kwa mkono kuliko kwa maneno. Kaa mbele yake au ubavuni, fanya wewe kwanza, naye ataiga.

Nne, usimsahihishe wala kumtahini. Akikunja leso vibaya, iache. Akisema leo ni Ijumaa na kumbe ni Jumatatu, kuna hasara gani? Shughuli hii si ya kupata kazi safi. Ni ya kumfanya ajisikie kuwa bado ni mtu katika nyumba yake.

Tano, iwe fupi, na iwe saa ile ile kila siku. Dakika 15 hadi 30 zinatosha. Wazee wengi huwa na akili tulivu asubuhi baada ya chai. Akichoka au akikasirika, acha bila ugomvi, mjaribu tena baadaye.

Sita, mshukuru. "Ahsante mama, umenisaidia leo." Maneno hayo hupenya moyoni hata pale kumbukumbu zimekwisha. Atasahau alichokifanya, lakini ile furaha itabaki naye kwa muda.

Kabla ya kuanza, mwangalie macho na masikio. Mzee mwenye mtoto wa jicho au masikio yaliyoziba ataonekana amesahau kuliko alivyo. Mpeleke akapimwe.

Shughuli za jikoni na uwanjani

Vitu vyote ninavyovitaja viko nyumbani kwako. Huhitaji kununua chochote.

Kupepeta na kuchagua. Mpe uteo wenye mchele au mahindi achague mawe. Mpe kunde zenye maganda azitoe. Mpe mahindi makavu ayapukuchue.

Kuchambua mboga. Mchicha, mnavu na mchunga huchambuliwa kwa mkono, bila kisu. Mpe majani aliyoyazoea tangu utotoni, na muulize zilikuwa zikipikwa vipi zamani.

Nazi. Ikiwa mwili una nguvu na anaweza kuketi vizuri juu ya mbuzi, mwache akune nazi wewe ukiwa karibu. Meno ya mbuzi ni makali, kwa hiyo usimwache peke yake. Akiwa dhaifu, mpe kazi ya kukamua tui kwenye kifumbu. Harufu ya tui peke yake huamsha kumbukumbu nyingi.

Unga. Mpe kidonge cha unga wa chapati au mahamri akande. Hata akikirudiarudia, hakuna ubaya.

Kufagia uwanja. Ufagio wa njukuti na uwanja wa mchanga, jua likiwa bado halijawa kali. Akirudia kufagia mahali pale pale, mwache.

Kukunja nguo. Hii ndiyo ninayoipenda zaidi. Mpe leso safi tano au sita azikunje. Zikiisha, nenda nazo ndani, zikunjue, umrudishie kesho. Ukitaka, soma naye jina la leso moja moja, muulize ile aliyopewa harusini ilikuwa ya rangi gani.

Kuna kazi za kuepuka. Usimpe kubangua korosho mbichi, kwani mafuta ya ganda lake huunguza ngozi. Usimwache peke yake na moto, jiko la mafuta, panga au maji ya kisima. Dawa za hospitali, sumu ya panya na mafuta ya taa viwekwe mbali kabisa na mkono wake, kama vile unavyomfichia mtoto.

Shughuli za mikono na za sanaa

Mama aliyekuwa akisuka ukili mpe miyaa iliyolainishwa kwa maji. Huenda hatamaliza mkeka, lakini vidole vitafuata njia vilivyoizoea. Aliyekuwa akitunga asumini mpe maua, ila sindano iwe butu na uwe naye. Aliyekuwa akitunga ushanga mpe ushanga mkubwa kwenye kamba nene, wala usimpe mdogo kama anatia vitu mdomoni.

Na babu je? Wengi humsahau babu kwa sababu hana kazi jikoni. Mvuvi mpe wavu na kamba afunge vifundo. Aliyekuwa akishona makuti mpe makuti mawili matatu kivulini. Seremala mpe kipande cha ubao na msasa. Mkulima mpe mbegu azichague, au mkebe wa maji amwagilie mpapai. Mcheza bao muwekee bao na kete. Hata akizisahau sheria, mkono wake utafurahia kugawa kete mashimoni, na wenzake watapata sababu ya kuja kuketi naye.

Shughuli za maneno, nyimbo na ibada

Methali. Anzisha wewe, amalizie yeye. Sema, "Haraka haraka…" uone kama hatajibu. Wazee wengi waliopoteza majina ya watoto wao bado wanazo methali zote. Watoto wa nyumba waufanye huu kuwa mchezo wa jioni.

Vitendawili. Mjukuu aseme "Kitendawili!" na nyanya aitike. Asipokumbuka jibu, watoto walitoe haraka, wacheke pamoja naye, wasimcheke.

Nyimbo na ngoma. Mpigie kayamba, au mtafutie nyimbo za ujana wake kwenye redio au simu. Mwanzele, chakacha, taarabu, kila mmoja na yake. Akitaka kusimama acheze, mshike mkono acheze. Hayo ni mazoezi ya viungo pia, na yanampunguzia hatari ya kuanguka.

Ibada. Kwa Mwislamu, tasbihi mkononi na dua anazozijua. Kwa Mkristo, nyimbo za kanisani na sala ya asubuhi. Usimkemee akikosea idadi ya rakaa au akirudia sala.

Hadithi za zamani. Usiulize, "Unakumbuka?" Neno hilo ni mtihani. Anza wewe: "Nasikia zamani hapa palikuwa na mikorosho tu." Mwonyeshe picha ya zamani, au kitu cha kushika kama kata, kinu au hando. Mtajie habari alizozisikia kwa wazee wake, kama za Mekatilili wa Menza aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza mwaka 1913. Mekatilili naye alikuwa mama mtu mzima. Watoto wetu wajue kwamba mwanamke mzee wa Kigiriama aliwahi kusikilizwa na taifa zima.

Mzee asiyeweza kutoka kitandani

Huyu naye ana shughuli zake. Mkande mikono na miguu kwa mafuta ya nazi, polepole, huku ukimwimbia. Mpe leso laini aishike na kuipapasa. Mweke karibu na dirisha asikie kuku, watoto na adhana au kengele. Mnusishe karafuu, iliki au asumini. Mgeuze kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo, na kila unapomgeuza mwambie unachotaka kufanya kabla ya kumgusa.

Jioni na usiku: saa za hatari

Wazee wengi wenye ugonjwa huu huchafuka jioni, jua linapozama. Utamsikia akisema, "Nataka kwenda kwetu," na kumbe yuko kwake. Usibishane naye. Usimwambie, "Kwenu ni hapa, wazazi wako walikufa." Kila ukimwambia hivyo ni kama kumletea msiba upya. Mwambie, "Twende," umzungushe uwanjani mara mbili, kisha, "Tunywe uji kwanza." Washa taa mapema kabla ya giza, na mpe leso za kukunja.

Kwa usiku, mpeleke chooni kabla ya kulala, usimpe chai ya rangi wala kahawa jioni, na usimwache alale mchana kutwa. Mlangoni funga kitu kinachotoa sauti, kama njuga au mikebe, ili akiufungua wewe uamke. Lakini usimfunge kamba, na usimfungie kwa kufuli peke yake. Moto ukizuka atatokaje?

Shona kipande cha kitambaa chenye namba yako ya simu kwenye pindo la nguo yake. Waeleze jirani zako, mzee wa mtaa, vijana wa bodaboda na wa dukani: "Mama yangu ana ugonjwa wa kusahau. Mkimwona njiani, mshikeni mkono, mnipigie." Usione haya kulisema. Siri ndiyo inayozaa uvumi, na uvumi ndio unaoua. Jirani aliyeambiwa mapema kwamba nyanya ni mgonjwa atampa kiti na maji. Jirani ambaye hakuambiwa atapiga mayowe.

Na wewe unayemtunza

Mama mwenzangu, najua. Umeamka usiku mara nne, umefua mashuka, umetukanwa na mtu unayemlisha, na ndugu wa mume wamepiga simu kukuuliza kwa nini mama amekonda. Kuchoka si dhambi. Kukasirika pia kutatokea. Ukihisi mkono unataka kupiga, mweke mahali salama, toka nje, vuta pumzi, mwite mtu.

Kazi hii si ya mtu mmoja. Itisheni kikao cha ukoo, mgawane: nani anakaa naye Jumamosi, nani analipa nauli ya hospitali, nani ananunua sabuni. Mtoto wa miaka kumi anaweza kukaa na nyanya nusu saa wakichagua kunde, huku mtu mzima akiwa karibu. Wenye miaka 70 na zaidi wana haki ya kuandikishwa katika mpango wa serikali wa Inua Jamii, ambao hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Muulize chifu au naibu wake.

Wakati wa kwenda hospitali

Kila mzee anayeanza kusahau apelekwe akapimwe, kwa sababu kusahau kwingine kunatibika: kunakotokana na upungufu wa vitamini, ugonjwa wa tezi, huzuni kubwa, pombe, au dawa anazokunywa. Anzia zahanati iliyo karibu, nao watakuelekeza kama inafaa kwenda hospitali ya Malindi au ya Kilifi. Wahudumu wengi wa afya ya jamii walipewa mwaka 2023 mikoba yenye kipimo cha presha na cha sukari. Mwombe wa kwenu ampime mzee nyumbani.

Nenda hospitali haraka, siku hiyo hiyo, ukiona haya:
- amechanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache tu
- ana homa, hanywi maji, au anakojoa kwa maumivu
- mdomo umekwenda upande, au mkono na mguu wa upande mmoja umelegea
- ameanguka akapiga kichwa
- analala mno kiasi cha kutoamka
- ana kisukari, anatoka jasho na kutetemeka

Usimnunulie dawa za usingizi dukani. Humfanya aanguke na huzidisha kuchanganyikiwa.

Maswali ya wasikilizaji

*Mama mmoja anauliza: "Mama yangu anasema nimemwibia pesa. Naumia sana."*
Hakuchukii, mama. Ameficha mahali, akasahau, na ubongo unatafuta sababu. Usijitetee. Mwambie, "Pole mama, tutafute pamoja." Kisha mpe shughuli. Mwekee kibeti chenye sarafu chache awe akizihesabu.

*Mwingine anauliza: "Si kumdhalilisha, kumpa mzee kazi badala ya kumpumzisha?"*
Swali zuri. Tumelelewa kwamba mzee asifanye kazi. Lakini hapa hatumtumikishi. Hakuna kazi ambayo ni lazima aimalize. Akitaka kupumzika, apumzike. Kinachomdhalilisha mzee ni kuonekana hana faida tena.

*Na wa tatu: "Mume wangu anataka tumpeleke kwa mganga."*
Zungumzeni kwa upole. Lakini mganga akikuambia kwamba fulani ndiye aliyemroga, au kwamba yeye mwenyewe ndiye mchawi, jua kwamba hapo mmeacha kutafuta uponyaji na mmeanza kutafuta damu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya familia yake na serikali. Ukisikia njama ya kumdhuru mzee, mwambie chifu au polisi mara moja.

Mwisho wa kisa chetu

Niliahidi kurudi kwa nyanya wa uteo. Hakupona, na sitawadanganya. Hadi mara ya mwisho nilipomtembelea hakulijua jina la mkaza mwana wake. Lakini ile kamba ya mlango ilikuwa imeondolewa. Kila asubuhi baada ya chai walimtoa chini ya mwembe na uteo wake. Usiku bado aliamka, ila si kila siku.

Na jambo moja ambalo hatukulipanga lilitokea. Wapita njia walianza kumwona. Walimsalimu, naye aliitikia. Jirani mmoja, katika wale waliosema maneno mabaya alfajiri ile, alikuja na kikapu cha mahindi yake akaomba nyanya amchagulie mawe. Tangu siku hiyo, neno baya halikusikika tena juu yake.

Tuyakumbuke haya

- Kusahau kwa mzee ni ugonjwa wa ubongo. Si uchawi.
- Mikono hukumbuka pale ulimi umesahau. Mpe kazi aliyoizoea.
- Hatua moja, dakika chache, saa ile ile, bila kumsahihisha.
- Waambie majirani mapema, na shona namba ya simu kwenye nguo yake.
- Kuchanganyikiwa kwa ghafla ni hospitali siku hiyo hiyo.
- Mtunzaji naye atunzwe.

Kazi yenu ya wiki hii ni moja tu. Kesho asubuhi, baada ya chai, chukua leso tatu safi. Keti karibu na mama au baba yako, kunja moja, kisha mpe ya pili mkononi. Usiseme neno. Ngoja uone.